Tanuri Linalohamishika

4 Machi

Daktari amesema presha yangu haijapanda kwa chumvi, imepanda kwa hasira, na kwamba badala ya kuwafokea watu niwe naandika. Nikamuuliza niandike nini. Akasema chochote kinachoniudhi. Nikamwambia madaftari ya mji mzima hayatatosha. Hakucheka. Basi ndiyo haya.

Mimi ni wakili. Sitetei wezi wala wauaji. Ningependa, kesi zao angalau zinakwisha. Mimi natetea benki. Mtu akikopa asilipe, benki inaniletea faili, nami naenda mahakamani. Kazi hii nimeifanya tangu nikiwa na kiuno. Ofisini tuko mawakili sita chini ya mwenye ofisi, ambaye sote tunamwita Mkubwa, na sehemu kubwa ya mishahara yetu inatoka kwa benki moja tu. Benki hiyo ikinuna, Mkubwa hali chakula.

Mvua zimeanza leo. Chumba cha pili cha mahakama kinavuja pale pale kilipovuja mwaka jana, na ndoo ni ile ile.

10 Machi

Kesi ya tanuri. Niieleze mara moja tu, maana naona nitaitaja sana. Mwokaji mmoja wa mikate alikopa benki, akaweka tanuri lake rehani. Akalipa vizuri, kisha unga ukapanda bei, akaanza kuchelewa, kisha akaacha kabisa. Benki ikamtuma dalali wa mahakama alichukue tanuri aliuze. Mwokaji akakimbilia kwa wakili, wakili akapeleka maombi, na Jaji akatoa zuio la muda: tanuri lisiguswe mpaka pande zote mbili zisikilizwe. Kazi yangu ni kuliondoa zuio hilo. Hoja zangu za maandishi ziko kwenye faili tangu mwaka jana, na nijisifu hapa ambapo hapana wa kunicheka: ni hoja safi, huwezi kupenyeza hata sindano. Kilichobaki ni Jaji kutusikiliza nusu saa.

Leo ilikuwa siku ya kusikilizwa. Wakili wa mwokaji anaumwa.

Nimempa jina la Homa. Mara iliyopita alikuwa na homa, kabla yake homa, na kabla ya hapo tumbo, nadhani kwa ajili ya kubadilisha ladha. Leo kamtuma karani wake na barua. Jaji akaisoma, akapangusa miwani, akasema ugonjwa ni jambo la Mungu, kesi iahirishwe, zuio liendelee. Kila kesi inapoahirishwa zuio linaendelea. Ndiyo siri ya homa hiyo.

Mwokaji mwenyewe hakosi. Anakaa benchi la nyuma, mikono imejaa makovu ya moto, na ananukia mkate kiasi kwamba chumba kizima kinameza mate, hata karani wa Jaji. Tukakutana mlangoni wakati wa kutoka. Ana umri wa marehemu baba yangu, sasa nifanyeje, nikamwamkia. Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Pole na mvua." Mtu unamburuta mahakamani, yeye anakupa pole. Nilikasirika njia nzima.

13 Machi

Nakaa na Mama, au Mama anakaa nami, inategemea umemuuliza nani. Leo duka la kona lilikuwa limeishiwa mkate anaoutaka, ule wenye mkato mmoja tu juu, nikamletea mwingine. Akaubonyeza kwa kidole, akautazama unavyorudi, akaniuliza kama hii ni sponji ya kuogea. Hakuula.

18 Machi

Afisa wa benki aliyekuwa na faili la tanuri amehamishwa. Wa pili amepiga simu, anaomba nimweleze kesi kutoka mwanzo. Nimemweleza. Akanishukuru, akaomba nimwandikie hayo hayo kwa barua pepe. Nimeandika. Akajibu kwamba atalipitia faili kisha tuongee.

24 Machi

Homa kaja mwenyewe, mzima kabisa, mashavu yanang'aa, kabeba faili kama mtu aliyebeba nguo za kuanika. Mvua imeingia ofisini kwake kwa dirishani na karatasi zote zimegandana. Akamwonyesha Jaji. Jaji akapapasa ukurasa mmoja, akatikisa kichwa kwa huruma, kesi ikaahirishwa. Sasa na faili nalo limepata homa.

Nilitoka nje nikapumua kama daktari alivyonifundisha, ndani kwa pua, nje kwa mdomo. Bawabu wa mahakama akaniuliza kama niletewe maji.

31 Machi

Mvua. Mvua. Na mvua.

8 Aprili

Zuio linakataza kuligusa tanuri, kulikagua halikatazi, kwa hiyo leo nimekwenda na dalali wa mahakama kuliona kwa macho. Dalali ni mtu mnene, mcheshi, aliyekwishabeba kila kitu cha kila mtu: makochi, matrekta, safari moja hadi ng'ombe. Alikuja na lori tupu na vijana wanne ili, alisema, wazoee njia. Homa alitakiwa awepo kumwakilisha mteja wake. Akatuma ujumbe: ana homa, tuendelee tu.

Nilikuwa sijawahi kuliona tanuri lenyewe. Miaka yote hii nimepigania magari ambayo sijawahi kuyapanda na mashamba ambayo sijayakanyaga, sikuona ajabu. Katika akili yangu lilikuwa kitu cha bati, lina magurudumu au miguu.

Tukaingia. Jamani. Lile si kitu, lile ni chumba. Limejengwa kwa matofali kuanzia chini ya sakafu, bomba lake limetoboa paa, na mgongo wake ndio ukuta wa fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye anasema tangu lijengwe hajawahi kuona baridi. Dalali akalizunguka upande mmoja, akagonga ukuta. Akarudi akazunguka upande wa pili, akakuta ukuta. Akaligonga kwa vidole, kama mtu anayebisha hodi. Kisha akanijia taratibu.

"Wakili, tuvute wapi?"

Nikafungua hati ya rehani palepale. Imeandikwa, na mihuri miwili juu yake: tanuri moja la matofali, linalohamishika. Linalohamishika. Na mara moja nikajua ilivyokwenda, maana nazijua akili hizo, nimekula mkate wao miaka mingi. Chumba si cha mwokaji, kapanga; kwa hiyo huwezi kuweka jengo rehani. Lakini afisa wa mikopo alikuwa na idadi ya mikopo ya kutimiza kabla mwezi haujaisha, na vitu vinavyohamishika vinapitishwa ndani ya wiki. Akalihamisha tanuri kwa kalamu. Hakuna aliyekwenda kuliona. Na mimi sikwenda.

Mwokaji alisimama pembeni ametulia, mikono kifuani, akatueleza kwa upole kama wageni waliokuja kutembea. Lilijengwa na yeye na mdogo wake, ambaye sasa ni marehemu. Tangu liwashwe mara ya kwanza halijapoa. Hata siku ya mazishi ya mdogo wake aliacha jirani anaongeza kuni. Ukitaka kulipoza unalifunga pole pole, siku nyingi, tofali baada ya tofali lishushe joto lake. Ukiharakisha linapasuka kwa ndani na hakuna fundi wa kuliunganisha. Dalali akamuuliza kama likipoa vizuri linaweza kubebeka. Akasema, "Nyumba ikipoa inabebeka?" Hakusema kwa jeuri. Aliuliza tu.

Mikate ilikuwa inatoka wakati ule, imepangwa juu ya ubao, na kila mmoja una mkato mmoja juu. Nikautazama ule mkato. Nikajikuta nimekaa juu ya gunia la unga bila kukaribishwa.

Akanipa mkate. Nikamweleza kwamba maadili ya kazi hayaniruhusu kupokea kitu kwa mtu ninayepingana naye. Nikataka kuulipia, akakataa pesa. Tukasukumana nao mpaka barabarani, mwisho nikauacha kwenye kiti cha lori. Dalali aliumaliza kabla hatujafika mjini. Kasema ni mkate haswa.

9 Aprili

Nimeiandikia benki. Nimesema wazi: dhamana hii haibebeki, ikivunjwa haina thamani ya hata tofali lake, na njia pekee ya benki kupata pesa yake ni tanuri kubaki linawaka na mwokaji kulipa kidogo kidogo. Barua ya kurasa mbili, haina hata sentensi moja ya kisheria.

15 Aprili

Majibu ya afisa wa pili: "Asante kwa ushauri wako mzuri. Hata hivyo hati inaonyesha mali inahamishika na mfumo hauruhusu kubadilisha aina ya dhamana. Tafadhali endelea na kuondoa zuio."

Mfumo. Siku moja nitaomba nionyeshwe huyo Mfumo anakaa ghorofa ya ngapi, nimwamkie.

21 Aprili

Leo nimefoka. Daktari anisamehe.

Kesi imeitwa. Homa kasimama, kikohozi kidogo, kile cha kuonyeshea, akasema hakupata nafasi ya kupitia hoja zangu. Hoja ambazo anazo tangu mwaka jana. Jaji akapangusa miwani. Kesi ikaahirishwa.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa nje anafunga mkoba, mteja wake amesimama kando. Nikampa za uso. Nikamwambia mwenzangu, mimi nimezeeka katika jengo hili nikikusubiri. Nikamwambia kama sheria imemshinda akauze dawa, maana magonjwa anayajua yote. Watu wakageuka. Yeye akatabasamu, lile tabasamu la mtu asiyejua aweke wapi mikono yake, na hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Sikunyamaza.

"Siku utakayokuja mahakamani umelisoma faili," nikamwambia, "nitasimama mbele ya watu wote nikupigie makofi."

Akamtazama mteja wake. Mwokaji alikuwa anatazama sakafu. Kisha Homa akasema kwa sauti ndogo, "Sawa, dada," akaondoka bila mwavuli.

Nilijisikia vizuri mpaka kwenye maegesho ya magari.

22 Aprili

Nimemwambia Mama kila kitu, kwamba mkate wake unatoka kwenye tanuri ninalotaka kulichukua. Nilidhani atalia au atanilaani. Akaweka kikombe chini, akauliza:

"Alikopa mwenyewe?"

"Alikopa mwenyewe."

"Hakulazimishwa?"

"Hakulazimishwa, Mama."

"Basi alipe. Watu wazima hao." Akakata kipande kingine. "Ila mkate wangu usiguse."

Nikamweleza kwamba mambo hayo mawili hayaendi pamoja. Akasema mimi ndiye niliyesomeshwa, niyapatanishe.

30 Aprili

Afisa wa pili amepandishwa cheo. Wa tatu amepiga simu. Anaomba nimweleze kesi kutoka mwanzo.

12 Mei

Kesi ilipangwa leo. Jaji hayupo, amekwenda semina. Semina inahusu mrundikano wa kesi.

14 Mei

Huyu afisa wa tatu ni mtoto mdogo kwangu, sauti yake bado ya shule, lakini kafanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: kalisoma faili. Kanipigia akiwa na wasiwasi, anaogopa kama amekosea kusoma. Anasema mwokaji analipa. Tangu mwezi wa pili, kila Jumatatu anapeleka kidogo kidogo. Kwa kuwa akaunti yake ilikwishafungwa kama ya mdaiwa sugu, pesa zimekuwa zikitumbukia kwenye akaunti nyingine ambayo hakuna anayeitazama. Amepata kazi ya kuipelekea hospitali mikate, ndiyo maana.

Nikamwomba anitajie tarehe za malipo moja moja, nikaziandika.

Nikahesabu kichwani. Mtu huyu ameanza kulipa baada ya zuio. Kila mara Homa alipoumwa, tanuri lilibaki linawaka na Jumatatu nyingine ilifika. Mimi nilikuwa nasimama pale nikiomba kwa ufasaha mkubwa mchezo huo ukomeshwe. Ningefanikiwa mwezi wa tatu, benki isingepata hata senti moja zaidi. Sikupenda kulijua jambo hilo. Niliudhika siku nzima na sikujua nimuudhikie nani.

20 Mei

Nimemvaa Mkurugenzi wa mikopo ofisini kwake. Mkubwa hakutaka niende. Anasema wakili hamfundishi mteja biashara. Nikaenda. Mkurugenzi ni mtu wa maneno machache na kalamu nyingi. Nikamweleza tanuri, ukuta, bomba, fundi cherehani, Jumatatu. Kalamu ikasimama. Akaniuliza, "Kwa hiyo tukishinda tunakosa, tukipatana tunapata?" Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia ndivyo.

Anakubali tupatane: mwokaji aendelee kulipa, tanuri libaki. Lakini lazima kamati ya mikopo ipitishe, na kamati inakaa Alhamisi ya tarehe 28. Kabla ya hapo upande wa pili wasiambiwe neno, wasije wakaota mapembe wakataka na riba ifutwe. Nikamkumbusha kwamba kesi imepangwa Jumanne tarehe 26. Akasema niiahirishe.

"Wewe wakili," akasema. "Si huwa mnaahirisha?"

Nilicheka mpaka kwenye lifti. Kitu kilichonitoa roho msimu mzima, sasa nakihitaji mara moja, siku mbili tu. Homa atafurahi, huenda akaniazima kikohozi chake.

25 Mei

Nimepiga pasi joho. Mama anauliza kuna harusi ya nani.

26 Mei

Niandike ilivyokuwa, bila kujitetea.

Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi, na ndoo ikiwa imekauka. Homa alikuwa amefika kabla yangu. Suti imenyooka, faili jipya lenye vialama vya rangi pembeni, vitabu vitatu mezani. Macho mekundu, safari hii kweli, ya mtu aliyesoma. Nikamsogelea kumsalimia, nikitafuta namna ya kumwambia bila kumwambia. Nikasema leo nadhani tuahirishe tu, mwenzangu, sote tumechoka. Akanitazama kama anayemtazama mlaghai.

"Leo hapana, dada," akasema. "Leo nimekuja kuyachukua makofi yangu."

Jaji akaingia. Nikasimama, nikaomba ahirisho fupi, siku chache tu, kwa sababu za upande wetu.  Karani aliacha kuandika. Katika miaka yote wanayonijua pale, sijawahi kuomba ahirisho. Jaji akaniuliza sababu. Nikaomba nimweleze faraghani. Akasema ametoka semina juzi, kesi zimerundikana, mambo yote yasemwe pale pale. Homa akasimama akapinga. Alipinga vizuri, Mungu wangu. Akasema mteja wake ni mzee anayekuja kukaa kwenye benchi hili mwezi baada ya mwezi bila kujua kesho yake, na kwamba yeye mwenyewe, kwa aibu yake, amechangia ucheleweshaji huo, na leo umefika mwisho. Mwokaji kule nyuma akanyoosha mgongo.

Jaji akapangusa miwani, akakataa ahirisho. La kwanza kulikataa mwaka huu, na lilikuwa langu. Nikaomba dakika tano nimpigie mteja. Simu ya Mkurugenzi iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Alikuwa kikaoni.

Homa akaanza kutoa hoja zake. Alikuwa ameliona. Katika karatasi zile zilizogandana, aliliona neno lile: linalohamishika. Akaeleza bomba, msingi, ukuta wa fundi cherehani, yote niliyoiandikia benki mwezi wa nne, karibu kwa maneno yangu. Sauti ilimtetemeka mwanzo, kisha ikaacha. Akasema rehani ya kitu kinachohamishika juu ya kitu kisichohamishika si rehani. Ni hoja ya kushinda. Jaji akamuuliza iko wapi kwenye kiapo chake, yale maelezo ya maandishi yaliyoambatana na maombi. Hapo Homa akafunguafungua faili. Haikuwamo. Kiapo alikiandika mwaka jana, kabla hajalisoma neno hilo, na kisichokuwa kwenye kiapo hakina ushahidi. Alibaki na kidole juu ya ukurasa.

Jaji akanigeukia mimi.

"Wakili, mwenzako anasema tanuri hili halihamishiki. Hati ya mteja wako inasema linahamishika. Unaikana hati ya mteja wako?"

Nililiona tanuri lote mbele yangu. Nilimwona dalali akigonga kama anayebisha hodi. Nikifungua mdomo kusema ninalolijua, nimemsaliti mteja wangu katikati ya mahakama, na leseni yangu inaweza kwenda na maji, na ofisi nzima inakula kwa benki ile. Na siku mbili mbele kuna kamati itakayoyamaliza yote kwa wema. Hivyo ndivyo nilivyojiambia: siku mbili tu. Mwokaji alikuwa ananitazama. Alijua najua. Nilikalia gunia lake.

"Hapana, Mheshimiwa," nikasema. "Siikani."

Sikusema uongo. Hati inasema hivyo.

Jaji akasema hoja zangu za maandishi zinajitosheleza, tena akazisifu, akasema ni mfano kwa mawakili vijana. Zuio likaondolewa. Ilichukua nusu saa, kama nilivyosema siku zote kwamba ingechukua.

Homa alipanga vitabu vyake vitatu pole pole, kikubwa chini. Mteja wake alikuwa amekwishatoka, kawahi kuongeza kuni. Nilitaka kumweleza, lakini bado nilikuwa nimefungwa mdomo mpaka Alhamisi. Yeye ndiye aliyesema.

"Kumbe ningeumwa tu," akasema.

28 Mei

Kamati imekaa. Nilimpigia Mkurugenzi mwenyewe, nisingoje barua. Akasema wajumbe wameuliza swali moja: kama mahakama imekwishatupa tanuri, tunapatana kwa ajili gani? Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, tukishinda tunakosa. Akasema anayakumbuka, lakini sasa kuna amri ya mahakama, na mtu mwenye amri mkononi akiiacha wakaguzi watamuuliza. Akanipongeza. Akasema hoja zangu zimesomwa kikaoni kwa sauti.

Niliandika barua nyingine. Niliandika na nyingine tena.

3 Juni

Dalali alinipigia saa tatu asubuhi akiwa ndani kwa mwokaji. Nyuma yake nasikia nyundo. Anasema benki imemwambia apeleke taarifa leo hii, hana siku nyingi za kupoza tanuri la mtu. Vijana wamelimwagia maji. Anasema lilitoa mlio ambao hajawahi kuusikia katika kazi hii, na fundi cherehani alitoka nje mbio na nguo ya watu mkononi. Limepasuka kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba. Wamepata mlango wa chuma, mabati mawili ya kupangia mikate, na matofali ambayo hayafai kitu. Nikamuuliza mwokaji yuko wapi. Amekaa kwenye gunia. Alikuwa ameomba aachiwe atoe mikate ya mwisho ya hospitali, wakamwachia, akaitoa.

"Wakili," dalali akasema, "mimi kazi yangu ni kubeba. Sasa hapa nibebe nini?"

Sikufoka.  

5 Juni

Mkubwa kaleta soda ofisini kusherehekea. Benki inatupa mafaili arobaini mapya. Nilikunywa nusu chupa.

Afisa wa nne amejitambulisha kwa barua pepe. Yule kijana wa tatu kahamishwa. Wa nne anaomba nithibitishe tanuri limehifadhiwa ghala gani, ili alipigie bima.

9 Juni

Mvua zimekwisha. Asubuhi daktari kanipima. Presha imeshuka mpaka pazuri. Kafurahi, kasema unaona, kuandika kumekusaidia, hujafoka siku ngapi sasa? Nikamwambia tangu mwezi wa nne. Akanipa mkono.

Nilipitia duka la kona. Mwenye duka anasema ule wenye mkato mmoja hauji tena, hajui kwa nini. Nikachukua ule mwingine. Sikumwambia Mama chochote, nikaukata jikoni nikampelekea na chai kama ulivyo. Hakuubonyeza kwa kidole. Alijua, nadhani alijua tangu nilipofungua mlango. Akauma, akatafuna kwa muda, akanitazama, kisha akanisogezea sahani ili nami nile.

"Huu nao si mbaya, mwanangu," akasema.